Giaboksi ya Haibridi Ikikugomea Kati ya Kitale na Bungoma

Gari likikufia njiani, usikubali livutwe kwa kamba. Naanza hapo kwa sababu ndilo kosa linalofanyika ndani ya nusu saa ya kwanza, kabla hata fundi hajapigiwa simu. Aqua imezima Kamukuywa, mwenye pikapu anajitolea, kamba inafungwa, safari ya Webuye inaanza. Kwa Probox ya gia za mkono hilo halina neno. Kwa Toyota ya haibridi, iwe Aqua, Prius, Axio au Fielder, ni hatari. Ndani ya giaboksi yake mna mota mbili za umeme, na moja imeungana na magurudumu ya mbele wakati wote, hata ukiweka N. Magurudumu yakizunguka nayo inazunguka, na mota inayozungushwa huzalisha umeme. Kama nyaya za mota hiyo zimeshaungua, kilomita 20 za kuvutwa zinaweza kuzidisha joto na kuharibu hata inveta (kigeuza umeme kati ya betri na mota) iliyokuwa nzima. Lipia lori la kubeba gari zima, au angalau gari la kuinua magurudumu ya mbele. Bei yake itauma, ila inveta inauma zaidi.

Jambo la pili ni kutomtumia mtu yeyote pesa za giaboksi mpaka uwe umeona msimbo wa kosa kwa macho yako. Pembetatu nyekundu ikiwaka dashibodini na gari likakataa kuonyesha READY (tayari kuondoka), mafundi wengi hukimbilia kutamka "giaboksi imekufa". Si kwamba wana nia mbaya. Katika magari waliyojifunzia kazi, injini ikinguruma na gari lisisogee, giaboksi ndiyo mbovu. Haibridi ina vitu vingine vinne au vitano vinavyoweza kulilaza gari kwa namna hiyohiyo, na karibu vyote ni rahisi kubadilisha kuliko giaboksi. Pesa nyingi zinazopotea kwenye magari haya hupotea hapa, kwenye kununua kitu ambacho hakikuharibika.

Anza na betri ndogo ya volti 12. Katika Aqua na Prius iko nyuma, haiko chini ya boneti, kwa hiyo kuna wenye magari ambao hawajawahi kuiona. Gari likiwa limezimwa, ipimwe: nzima husoma karibu volti 12.6. Ikisoma chini ya 12, ichaji au ubadilishe kwanza, kwa sababu betri dhaifu huwasha taa za kila aina na kuwafanya watu wazima wauze magari kwa bei ya chuma.

Kisha tazama maji ya kupoza inveta. Inveta ina chombo chake cha kulanti, tofauti na kile cha injini, na pampu yake ndogo ya umeme. Gari likikubali kuingia READY, fungua kifuniko cha chombo hicho utazame: maji yanapaswa kutikisika na kuzunguka. Yakitulia tuli, pampu imekufa, na msimbo utakaoukuta ni P0A93. Hiyo ni kazi ya saa moja au mbili. Haistahili kukushushia giaboksi.

Halafu mashine ya kusoma misimbo. Vile vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyounganishwa na simu mara nyingi husoma msimbo mkuu peke yake. Wewe unahitaji pia msimbo mdogo unaoandamana nao, kwa hiyo tafuta fundi mwenye Techstream ya Toyota au mashine kubwa ya kiwango hicho. Kama hayupo Kitale wala Bungoma, kumleta kutoka Eldoret kwa siku moja bado ni nafuu. Mwambie hivi: "Fundi, kabla hujafuta chochote, nipige picha ya skrini." Msimbo P0A80 unazungumzia betri kubwa. P0A94 unaelekeza kwenye inveta. P0A90 unahusu mota na shafti yake, na mara nyingine chanzo ni dampa iliyovunjika springi kati ya injini na giaboksi. Dampa hubadilishwa peke yake.

Msimbo unaowakosesha watu usingizi ni P0AA6, maana yake umeme wa nguvu unavuja kuingia kwenye bodi ya gari. Hapa ndipo msimbo mdogo unapokuokoa. Ukiandamana na 526 peke yake, bado hujaambiwa mahali. 611 inataja upande wa kompresa ya AC, 612 betri kubwa, 613 giaboksi na mota zake, 614 inveta na nyaya zake. Kwa hiyo ni 613 tu inayokupa sababu ya kuanza kuuliza bei za giaboksi. Ukikuta 611, jiulize ni lini ulijaziwa gesi ya AC. Kompresa ya haibridi huendeshwa na umeme na inataka oili ya aina ya ND-11. Fundi wa AC akiweka oili ya kawaida ya magari mengine, kinga ya umeme ndani ya kompresa hupungua, na gari zima linagoma.

Sauti nayo inasaidia. Mvumo unaopanda na mwendo wa gari, injini iwe inawaka au imezima, ni dalili ya beringi ndani ya giaboksi. Kugongagonga wakati injini inawaka au kuzima kunaelekea dampa. Lakini kwa Prius ya 2009 hadi 2015, gari likitetemeka vibaya asubuhi likiwa baridi na kulanti ya injini ikipungua pasipo kuonekana inakovuja, hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Ukibadilisha giaboksi, mtetemo utabaki palepale.

Ukishathibitisha ni giaboksi, swali linalofuata ni haibridi yako ni ya ukoo gani, kwa sababu ushauri unaofaa Toyota unaweza kukufilisi kwenye Honda.

Giaboksi ya Toyota haina klachi wala mkanda. Ni gia za sayari na mota mbili basi, na ndiyo maana hufa mara chache. Ikifa, mara nyingi kuna aliyeiua. Muuaji maarufu ni fundi wa kumwaga oili: chini ya gari kuna nati ya injini na nati ya giaboksi, zimekaribiana. Anafungua ya giaboksi, anamwaga oili yake, kisha anajaza oili mpya kwenye injini ambayo haikumwagwa. Unaondoka na injini iliyojaa kupita kiasi na giaboksi kavu. Muuaji wa pili ni mawe ya barabara za Endebess, Kapsokwony na Cheptais, kwa gari lililong'olewa kinga ya chini na isirudishwe. Kwa Toyota, giaboksi ya mtumba kutoka Japani ni chaguo la busara. Mpya ya dukani haina hesabu kwenye gari la umri huu, na kufufua mota iliyoungua si kazi ya kujaribiwa karakana ya kawaida.

Honda Fit na Vezel za haibridi za kizazi kilichoanza 2013 ni habari nyingine. Zina giaboksi ya gia saba yenye klachi mbili kavu na mota ndani yake. Zilipotoka tu zilianza kusumbua. Honda iliita Fit Hybrid kwa marekebisho mara tano ndani ya mwaka mmoja hivi, na kadhaa za mwanzo zilihusu programu inayoongoza giaboksi. Oktoba 2014 rais wa kampuni wakati huo, Takanobu Ito, pamoja na wakurugenzi wenzake, walikubali kukatwa mishahara kwa sababu ya hayo. Honda Japani ina ukurasa wa kutafuta marekebisho kwa nambari ya chesi. Umeandikwa Kijapani, lakini simu hutafsiri. Angalia kama gari lako lilifanyiwa kabla halijapakiwa melini.

Kinachoziumiza hapa kwetu ni mwendo wa kusuasua. Klachi kavu haipendi kuteleza muda mrefu, na ukitoka Bungoma kwenda Webuye msimu wa kuvuna miwa utakuwa nyuma ya trekta kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ukielekea Malaba utakutana na foleni ya malori. Klachi zinapata joto, onyo la joto la giaboksi linatokea, na dereva anaendelea kusogea kidogokidogo. Onyo hilo likitokea, ondoka barabarani usimame. Kwa magari haya, kabla ya kununua giaboksi nzima, uliza juu ya aktueta inayosukuma klachi, klachi zenyewe, na programu. Mara nyingi kilichoharibika ni kimojawapo, na kila kimoja hununuliwa peke yake. Na hata ukifunga giaboksi ya mtumba, lazima gari lifundishwe upya mahali klachi zinaposhika, kwa mashine ya Honda. Fundi asiyekuwa nayo asiguse kazi hiyo.

Fit ya zamani zaidi, ya 2010 hadi 2013, na Insight za wakati huo zina giaboksi ya mkanda wa chuma. Hizo mafundi wengi wanazielewa. Nissan Note e-Power haina giaboksi ya kubadilisha gia hata kidogo: injini huchaji tu, mota huendesha. Fundi akikuambia giaboksi ya Note e-Power yako imekwama gia ya pili, mshukuru uende kwa mwingine.

Sasa ununuzi. Chimbuko kubwa ni Nairobi, Barabara ya Kirinyaga ambayo wengi bado wanaiita Grogan, na Industrial Area; Mombasa wako wanaopokea makontena kutoka Japani na Sharjah. Eldoret kuna maduka ya spea, ila kwa haibridi baadhi yao huagiza Nairobi na kuongeza chao, kwa hiyo uliza kama mzigo uko dukani au "unakuja". Kwa mtu wa Bungoma, Kampala inavutia. Soko la Kisekka lina sifa yake, na Malaba iko karibu. Lakini hesabu ushuru mpakani, na hesabu pia safari ya kuirudisha ikikataa kufanya kazi. Waranti iliyo ng'ambo ya mpaka ni ngumu kuidai.

Usiagize kwa jina la gari. Agiza kwa msimbo. Kwenye kibandiko cha bodi, chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, tafuta mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Prius ya 2003 hadi 2009 ina P112, ya 2009 hadi 2015 ina P410, na Aqua ina P510. P112 na P410 haziingiliani, hata muuzaji akiapa. Hata ndani ya P510 kuna herufi na namba za nyongeza baada ya kistari. Zifanane zote, hasa ukiuziwa ya Fielder kwa ajili ya Aqua. Kwa Vezel, ya RU3 ya magurudumu mawili na ya RU4 ya magurudumu manne ni vitu viwili tofauti.

Mwombe muuzaji video ya WhatsApp inayoonyesha, bila kukatwa, kibandiko cha giaboksi, plagi za nyaya zake, na nati ya oili ikifunguliwa. Oili ya giaboksi nzima inaweza kuwa imekolea rangi, lakini haitoi harufu ya kuungua. Sumaku ya nati kuwa na ungaunga mwembamba ni kawaida. Vipande vya chuma si kawaida. Kataa giaboksi ambayo nyaya zake tatu za mota zimekatwa kwa msumeno, kwa kuwa hutaweza kuzirudisha salama. Kataa pia iliyokaa mvuani mdomo wazi.

Kipimo kikubwa kuliko vyote hakihitaji gari. Mafundi umeme wengi wanaofunga nyaya za majumba wana kipimo cha kinga ya umeme wanachokiita mega. Kikiwekwa volti 500, kati ya kila waya wa mota na chuma cha giaboksi, kisome megaohm nyingi. Kikishuka karibu na sifuri, unanunua ugonjwa uleule unaoukimbia. Nyaya tatu zikipimwa zenyewe kwa zenyewe zilingane. Kama unanunua mbali, muuzaji wa kweli atakubali fundi umeme wa kukodi apite dukani kwake. Asiyekubali ameshakujibu.

Omba waranti ya maandishi. Siku 30 tangu kufungwa ni ombi la haki, na iandikwe "tangu kufungwa", kwa sababu mzigo unaweza kukaa wiki nzima kabla haujafungwa. Risiti ionyeshe msimbo, namba ya giaboksi yenyewe, na jina la duka, na lipa kwa namba ya biashara, si kwa simu ya broka. Giaboksi ya aina hii ni mzigo wa zaidi ya kilo 80; mabasi ya usiku na malori ya mizigo huzileta Kitale na Bungoma, lakini ifungwe kwenye kreti ya mbao na matundu yote yazibwe. Ikifika, ipime tena kwa mega kabla haijapandishwa. Ukidhulumiwa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Bila risiti utakuwa unasimulia tu.

Kuhusu karatasi: logibuku ya Kenya ina nambari ya chesi na ya injini, giaboksi haimo. Ukibadilisha giaboksi peke yake huna la kuripoti. Ukishawishiwa kununua kipande kizima cha mbele, injini na vyote, halafu ukafunga na injini, hapo lazima mamlaka ya usafiri, NTSA, ijue.

Je, inalipa? Wengi hulinganisha gharama na bei ya gari zima, na hesabu hiyo inadanganya. Linganisha gharama na tofauti kati ya gari likitembea na gari likilala. Tuseme, kwa namba za mfano tu, gari lako likiwa zima lingeuzwa 750,000, na broka wa Kitale anakupa 400,000 lilivyo. Tofauti ni 350,000. Jumlisha giaboksi, usafiri, ufundi, oili, kulanti, sili za shafti, dampa mpya na mauntini zilizochoka. Ikifika 200,000, tengeneza. Ikifika 300,000 na betri kubwa nayo inazeeka, uza, tena uza ukisema ukweli kuhusu ubovu, maana mnunuzi mwenye mashine atauona tu. Kwa Toyota jibu huwa kutengeneza. Kwa Vezel iliyochoka klachi, mota na betri kwa pamoja, jibu langu ni kuuza.

Utashauriwa pia kung'oa mfumo wa haibridi na kufunga injini na giaboksi ya petroli. Usifanye hivyo. Breki, AC na kompyuta za gari hili zilijengwa zikitegemea betri kubwa, na utatumia mwaka mzima ukifukuza taa za dashibodi.

Siku ya kufunga, jambo moja halina mjadala: usalama wa umeme. Betri ya Prius ina volti 201.6, ya Aqua 144, na inveta huipandisha hadi 650 kwa Prius ya 2009 na 520 kwa Aqua. Nyaya za rangi ya machungwa ndizo zinazobeba huo umeme. Fundi azime gari, afungue betri ndogo, achomoe plagi ya usalama ya betri kubwa aitie mfukoni mwake mwenyewe, asubiri dakika 10 ili kapasita zimalize chaji, kisha apime kwa mita kabla ya kugusa. Glavu ziwe za umeme, za volti 1,000, si zile za kuchomelea. Fundi anayekuambia amezoea bila glavu, mlipe muda wake mwachane.

Kubalianeni bei ya ufundi ikijumuisha kushusha mara ya pili bila malipo kama giaboksi itarudishwa kwa muuzaji. Mwambie abadilishe dampa wakati injini na giaboksi zimeachana, kwa sababu kuifikia baadaye ni kazi ileile upya. Oili iwe Toyota ATF WS kwa Toyota. Haifiki lita 4, basi usibanie wala usikubali "inafanana". Gari liwe limesimama sawasawa wakati wa kujaza, na oili ifike ukingo wa tundu la kujazia. Maji ya inveta yatolewe hewa, la sivyo pampu nzima itazungusha povu na utarudi kwenye P0A93.

Giaboksi ya zamani ni yako. Ina shaba, ina gia, ina bodi ambayo mwingine anaihitaji. Iuze, au itumie kupunguza bei ya ufundi, lakini useme hivyo kwa mdomo wako, isibaki karakana kimyakimya.

Kisha ijaribu kweli. Kuzunguka mjini Bungoma hakutoshi, huko ni tambarare. Toka Webuye upande hadi Kitale, mkiwa watu wanne garini, AC ikiwa imewashwa, kisha rudi ukishuka kwa gia ya B (ya kuzuia mwendo kwa injini). Baada ya safari hiyo, chomeka mashine tena, tazama chini ya gari kama kuna oili, na ubadilishe oili ya giaboksi baada ya kilomita 1,000 za kwanza ili uchafu iliokuja nao utoke. Msimbo wowote ukirudi ndani ya siku za waranti, piga picha ya skrini na umpigie muuzaji siku hiyohiyo. Usingoje mwisho wa mwezi.